UZI: Kusasisha mashine pepe kwenye seva mwenyeji ya Linux, na kwa nini kuwasha upya kutoka ndani hakutoshi

#1 – Msimamizi Seva (mleta uzi)

Wakuu, habari za kazi. Naleta uzi huu kwa ajili ya wale wanaosimamia seva moja au mbili za Linux zilizobeba mashine pepe (kompyuta za kuigizwa ndani ya kompyuta halisi) za ofisi nzima: mfumo wa wahasibu humu, hifadhidata kule, barua pepe pembeni, na pengine Windows Server moja ambayo hakuna anayetaka kuigusa. Nitazungumzia KVM (uwezo wa Linux wa kubeba mashine pepe) na libvirt (programu ya kuzisimamia, kwa amri ya `virsh`) juu ya Debian na Ubuntu kwa kuwa ndizo ninazozitumia kila siku. Anayetumia Proxmox atakuta mengi ni yaleyale, kwani chini yake kuna KVM hiyohiyo na QEMU, programu inayoiga vifaa vya kompyuta kwa ajili ya mashine pepe. Seva yenyewe nitaiita mwenyeji, na mashine pepe nitaziita wageni.

Jambo ninalotaka tulijadili ni hili. Wasimamizi wengi husasisha mwenyeji kwa `apt`, kisha huingia kwa kila mgeni, husasisha humo pia, huandika `reboot`, na kuona kazi imekwisha. Kazi hiyo imebaki nusu. Kwa macho ya mwenyeji, mgeni ni mchakato mmoja wa programu ya QEMU. Ukiandika `reboot` ndani ya mgeni, au hata `virsh reboot` kutoka nje, kerneli ya mgeni, yaani kiini cha mfumo wake, huanza upya, lakini mchakato wa QEMU unaombeba hubaki uleule uliowashwa miezi mingi iliyopita, ukiendesha kodi iliyopakiwa kwenye kumbukumbu siku ile. QEMU mpya imelala kwenye diski ilhali inayofanya kazi ni ya zamani, pamoja na matundu yake yote.

Mfano unaofahamika ni kasoro ya VENOM, CVE-2015-3456, iliyotangazwa Mei 2015. Tatizo lilikuwa kwenye sehemu ya QEMU inayoiga kidhibiti cha diski laini, kodi iliyokuwamo tangu mwaka 2004, na mtu mwenye mamlaka ya `root` ndani ya mgeni angeweza kuitumia kuruka nje hadi kwa mwenyeji. Hata waliokuwa wameondoa diski laini kwenye usanidi wa wageni wao hawakusalimika, kwa sababu kidhibiti chenyewe kiliendelea kuwapo. Kuweka kifurushi kipya hakukutosha: ilibidi kila mgeni azimwe kabisa kisha awashwe, au ahamishwe akiwa anaendelea kufanya kazi kwenda kwa mwenyeji mwingine ambako angepokelewa na mchakato mpya wa QEMU.

Hali ya seva yako unaweza kuikagua sasa hivi. Chukua mgeni mmoja, tuseme anaitwa `hifadhidata`, kisha uandike kwa mwenyeji ukiwa `root`:

`ls -l /proc/$(cat /run/libvirt/qemu/hifadhidata.pid)/exe`

Ukiona njia ya `qemu-system-x86_64` ikifuatiwa na neno `(deleted)`, maana yake faili ambalo mchakato ule ulianza nalo limekwisha kuondolewa na kubadilishwa na jipya, na mgeni wako bado anaishi kwenye lile la zamani. Wanaotumia Ubuntu 22.04 wanaijua ile mistari inayotokea mwishoni mwa kila `apt upgrade`, ambayo hutolewa na programu ya `needrestart`. Mmojawapo husema kama kuna wageni wanaoendeshwa na QEMU iliyopitwa na wakati. Watu huipita mistari hiyo kama wanavyopita masharti ya leseni, na humo ndimo jibu lilimo. Kwenye Debian unaweza kuiweka mwenyewe kwa `apt install needrestart`.

Jambo hilohilo linagusa kasoro za prosesa. Tangu Spectre na Meltdown zilipotangazwa Januari 2018, ulinzi wa mgeni umekuwa ukitegemea vitu vinne kwa pamoja: maikrokodi ya prosesa (maelekezo ya ndani ya prosesa yenyewe), kerneli ya mwenyeji, QEMU inayomwonyesha mgeni uwezo mpya wa prosesa, na kerneli ya mgeni mwenyewe inayojua kuutumia. Kimojawapo kikibaki nyuma, mlolongo unakatika. Ingia ndani ya mgeni usome mafaili yaliyomo kwenye `/sys/devices/system/cpu/vulnerabilities/`. Mgeni ambaye QEMU yake ni ya zamani, au ambaye amepewa aina ya prosesa isiyopitisha uwezo huo, hukiri pale kwamba anajaribu kujikinga bila msaada wa maikrokodi, hata kama maikrokodi hiyo iliwekwa kwa mwenyeji zamani. Dawa yake, ukisharekebisha aina ya prosesa kama ndiyo tatizo, ni `virsh shutdown`, usubiri mgeni azimike kabisa, kisha `virsh start`.

Nakaribisha uzoefu wenu, hasa kuhusu snapshoti (hali ya diski iliyohifadhiwa ili uweze kuirudia) na kuhusu mpangilio wa usiku wa matengenezo. Haya mawili ndiyo yanayowasumbua watu zaidi.

#2 – Kerneli Tupu

Mkuu, nimekusoma na nimekuelewa, lakini nina shaka na msimamo wako. Seva zetu ziko ndani ya mtandao wa ofisi, hazina anwani ya wazi kwenye intaneti, na zimekaa miaka bila tatizo lolote. Kila niliposikia mtu amesasisha, nilisikia pia kwamba kesho yake mfumo wa mahesabu haukufunguka. Kwa nini nikiguse kitu kinachofanya kazi? Na tukumbuke mwaka 2024 wale waliokuwa wa kwanza kupakua vifurushi vipya ndio waliojiwekea mlango wa nyuma uliofichwa ndani ya `xz`, programu ya kubana mafaili.

#3 – Msimamizi Seva (mleta uzi)

Mkuu Kerneli Tupu, nashukuru kwa hoja, na ile ya `xz` ina uzito wake, ila inaniunga mkono mimi. Mlango ule wa nyuma, CVE-2024-3094, uliobainika mwishoni mwa Machi 2024, ulikuwa kwenye matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Matoleo hayo yaliingia Debian ya majaribio na ile isiyo thabiti. Hayakuwahi kuingia Debian thabiti. Msimamizi aliyekuwa kwenye Debian 12 akipokea masasisho ya usalama pekee hakuguswa. Kukimbilia toleo jipya ni jambo moja, na kupokea marekebisho ya usalama ya toleo thabiti ni jambo jingine: katika njia hii ya pili wahusika huchukua rekebisho dogo wakalipachika kwenye toleo lilelile la zamani, ili tabia ya programu isibadilike. Ndiyo maana `unattended-upgrades` ya Debian, kwa mpangilio wake wa kawaida, haikuhamishi kutoka toleo moja la mfumo hadi jingine.

Kuhusu mtandao wa ndani, mashine pepe hazishambuliwi na watu wa nje peke yao. Kompyuta moja ya mapokezi ikishapata kirusi kupitia barua pepe, mtandao wako wa ndani ndio unakuwa uwanja wa mshambuliaji. Halafu kuna suala la umri, ambalo halijali kama una anwani ya wazi au huna. CentOS 7 ilifikia mwisho wake tarehe 30 Juni 2024. Ubuntu 20.04 ilimaliza muda wake wa kawaida wa kuhudumiwa mwaka 2025. Debian 11, iliyotoka Agosti 2021, imepangiwa huduma ya muda mrefu hadi mwisho wa Agosti 2026. Mgeni aliyekaa muda mrefu bila kusasishwa hawezi kurushwa matoleo matatu kwa usiku mmoja, kwa kuwa Debian huunga mkono kupanda toleo moja kwa wakati. Kila mwaka unaoahirisha unajiongezea ngazi.

Hata hivyo, unapolalamika kwamba mifumo huharibika, huzushi. Mgeni anayetoka Debian 11 kwenda 12 anatoka PHP 7.4 kwenda 8.2, PostgreSQL 13 kwenda 15, na OpenSSL 1.1 kwenda 3. Programu ya mahesabu iliyoandikwa na kijana ambaye ameshaondoka kazini inaweza kugoma kabisa kwenye PHP 8.2, na hilo halina uhusiano na KVM. Pia kwenye Debian 12 `pip` hukataa kuweka maktaba za Python moja kwa moja kwenye mfumo na kukutaka utumie mazingira ya pembeni, kwa hiyo skripti nyingi za zamani za kusimika mifumo hukwamia hapo. Masasisho ya usalama hayana haja ya kungoja, lakini kupanda toleo kunahitaji majaribio kwenye nakala ya mgeni iliyotengwa na mtandao halisi. Kutengeneza nakala hiyo kwenye KVM ni kazi ya dakika chache, na huo ndio uzuri wa mashine pepe ambao watu wengi wanao na hawautumii.

#4 – Fundi Mitambo

Salaam wakuu. Mimi nina swali la snapshoti. Nimekabidhiwa seva ambayo mtangulizi wangu alikuwa na desturi ya kupiga snapshoti kila kabla ya kusasisha, na inaonekana hakuwahi kuziondoa. Nikiangalia `virsh domblklist`, diski ya mgeni haielekei kwenye faili la asili. Inaelekea kwenye faili lenye jina refu la tarehe, na lile nalo linategemea jingine, na jingine. Diski ya mwenyeji imebakiwa na nafasi ndogo sana. Je, naweza kufuta yale ya zamani?

#5 – Binti Konsoli

Fundi Mitambo, tafadhali usifute hata faili moja kwa `rm` kabla hujausoma mlolongo wote. Hizo ni snapshoti za nje, yaani zinazohifadhi mabadiliko kwenye faili jipya la pembeni, na kila faili lina vipande vya diski ambavyo havimo kwenye mengine. Ukifuta la katikati, umempoteza mgeni. Anza na `qemu-img info -U --backing-chain` ukiipa faili la juu kabisa; ile `-U` inaruhusu kusoma faili ambalo mgeni bado analitumia. Amri za kuandika, kama `qemu-img commit` au `qemu-img rebase`, usizielekeze kamwe kwenye diski ya mgeni anayefanya kazi. QEMU za kuanzia 2.10 hufunga faili na kukukatalia, lakini kuna watu hulazimisha.

Ukishaujua mlolongo, na ukishakuwa na nakala rudufu iliyo kwenye diski nyingine, unaukunja, yaani unaunganisha mafaili yote kuwa moja, mgeni akiwa anaendelea na kazi:

`virsh blockcommit mahesabu vda --active --pivot --verbose`

Amri hii huyashusha mabadiliko yote hadi kwenye faili la chini kabisa, kisha humhamishia mgeni kwenye faili hilo bila kumzima. Ikimaliza, angalia tena `virsh domblklist` uone kwamba diski imerudi kwenye faili la asili, ondoa kumbukumbu za snapshoti kwa `virsh snapshot-delete` ukiongeza `--metadata`, na hapo ndipo mafaili ya juu yanaweza kufutwa. Tahadhari moja kwa hali yako: wakati wa kukunja, faili la chini linaweza kukua, kwa hiyo pata nafasi kwanza kabla ya kuanza, hata kwa kuhamisha picha za ISO ambazo karibu kila seva hukutwa nazo bila kazi.

Kwa wanaoanza, utaratibu ninaoupendekeza kabla ya kumsasisha mgeni ni huu:

`virsh snapshot-create-as mahesabu kabla --disk-only --atomic --quiesce`

Neno `--quiesce` linahitaji `qemu-guest-agent`, programu ndogo ya kuwasiliana na mwenyeji, iwe imewekwa na inafanya kazi ndani ya mgeni. Kupitia kwake, mwenyeji humwomba mgeni amalize maandishi yaliyo njiani na kuganda kwa muda mfupi snapshoti inapopigwa. Bila hiyo, utakachopata ni diski iliyo katika hali ya mashine iliyokatikiwa umeme ghafla. Mara nyingi itafunguka, ila hifadhidata italazimika kujitengeneza kwanza.

Na kuna jambo ambalo miongozo mingi huliruka. Kwenye Debian 12, ambayo ina libvirt 9.0, `virsh snapshot-revert` haimudu kurudi kwenye snapshoti ya nje. Inabidi umzime mgeni, ufungue `virsh edit`, na uelekeze diski kwenye faili la asili kwa mkono. Jifunze kufanya hivyo mchana kwenye mgeni wa majaribio, kwa sababu siku utakapokuhitaji itakuwa saa nane usiku na simu inalia. Ukumbuke pia kwamba kurudi nyuma kunafuta kila kilichoandikwa baada ya snapshoti, pamoja na malipo ambayo wateja wameshafanya asubuhi hiyo.

Wanaohifadhi diski za wageni kwenye LVM (mfumo wa Linux wa kugawa diski) badala ya mafaili ya qcow2 wana starehe yao na mtego wao. Snapshoti ya LVM ya kawaida hupewa ukubwa maalumu, na mabadiliko yakiujaza, snapshoti hiyo hubatilika papo hapo. Mgeni mwenyewe haathiriki, ila ile njia ya kurudi uliyokuwa ukiitegemea haipo tena. Kupanda toleo zima la Debian huandika gigabaiti kadhaa, kwa hiyo ile tabia ya kutenga gigabaiti moja tu inafaa masasisho madogo pekee.

#6 – Fundi Mitambo

Asante sana dada, nimeokoka. Nimepata nafasi kwa kuhamisha ISO kama ulivyosema, nimekunja, na `domblklist` inaonyesha faili la asili. Nakala rudufu iko kwenye diski ya nje.

#7 – Mlinzi wa Lango

Wakuu, naomba niongeze mambo mawili yanayotuhusu sisi wa ukanda huu hasa, saa na bando.

Kwanza saa. Mashine pepe nyingi huanzishwa kutokana na picha za wingu, yaani diski zilizoandaliwa tayari na watoaji wa mfumo, na picha hizo huja na saa za UTC. Kwenye Debian na Ubuntu, kazi ya masasisho ya usiku huongozwa na `apt-daily-upgrade.timer`, ambayo imepangwa kuanza 6:00 kwa saa ya kompyuta (saa kumi na mbili asubuhi) ikiwa na nyongeza ya hadi dakika 60 za kubahatisha. Kwa mashine iliyo kwenye UTC, 6:00 ile ni saa tatu asubuhi ya Nairobi na Dar es Salaam. Yaani wafanyakazi wote wanapoingia kwenye mfumo ndipo wageni wote, ndani ya saa moja, wanaanza kufungua vifurushi na kuwasha upya huduma juu ya diski ileile moja. Watu hulaumu diski, hulaumu swichi, hulaumu hata mtoa huduma wa intaneti. Weka `timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam`, halafu andika `systemctl edit apt-daily-upgrade.timer` na uweke:

```
[Timer]
OnCalendar=
OnCalendar=*-*-* 02:00
RandomizedDelaySec=90m
```

Mstari ule mtupu wa `OnCalendar=` ni wa lazima. Bila huo, ratiba ya zamani haifutiki, na utakuwa na mbili.

Pili bando. Wageni kumi wa Debian 12 hawana haja ya kupakua kerneli ileile mara kumi kutoka ng'ambo. Weka `apt-cacher-ng`, programu inayohifadhi vifurushi vilivyokwisha kupakuliwa, kwa mwenyeji, na ndani ya kila mgeni weka faili moja chini ya `/etc/apt/apt.conf.d/` lenye mstari huu:

`Acquire::http::Proxy "http://192.168.122.1:3142";`

Anwani hiyo ni ya mwenyeji kwenye mtandao wa kawaida wa libvirt, ule wa `virbr0`. Kama wageni wako wanatumia daraja linaloingia moja kwa moja kwenye mtandao wa ofisi, tumia anwani ya huko. Mgeni wa kwanza hupakua kutoka intaneti, wa pili na kuendelea huchukua kutoka kwenye diski ya mwenyeji. Msiogope kwamba ni HTTP ya kawaida, kwani `apt` huthibitisha saini ya orodha za vifurushi na alama ya kila kifurushi, vyovyote vile vilivyofika. Hazina za watu wengine zinazotumia HTTPS hazitahifadhiwa, na zinahitaji kuruhusiwa kupita kwa `PassThroughPattern`.

#8 – MzeeWaRaki

Vijana, mnazungumza kana kwamba kila mgeni ana kerneli yake. Sisi tulioanza na Linux-VServer mgeni hakuwa na kerneli kabisa. Wote walikaa juu ya kerneli ya mwenyeji, kila mmoja kwenye saraka yake, na tulikuwa na `vapt-get` iliyomfikia kila mgeni kutoka nje bila kuingia ndani. Debian iliendelea kutoa kerneli hiyo hadi toleo la 6 la mwaka 2011, ikawaambia watu wahamie LXC, mfumo wa konteina ambao nao hutumia kerneli ya mwenyeji. Wengi wa kizazi changu walikwama siku ya kwanza kwa jambo moja: `sshd` ya mwenyeji ilishika anwani zote za mashine, kwa hiyo `sshd` ya mgeni haikupata mlango wa 22 hadi uende kwenye usanidi wa mwenyeji uandike anwani yake peke yake.

Naleta historia hii kwa sababu wenye LXC leo wako katika hali ileile. Kwao uzi huu unageuka kichwa chini: kumwandikia `reboot` mgeni hakubadilishi kerneli hata kidogo, na kusasisha kerneli ndani yake ni kupoteza nafasi ya diski. Unasasisha vifurushi vya mgeni, unawasha upya huduma zilizoguswa, basi. Hatari iko upande mwingine, kwamba kumpandisha mwenyeji kunaweza kumwangusha mgeni ambaye hukumgusa. Tangu Debian 11, mwenyeji hutumia cgroup v2 (njia ya kerneli ya kugawa rasilimali kwa michakato) peke yake kwa kawaida, na systemd ya CentOS 7, programu inayowasha huduma zote, ambayo ni toleo la 219, haijui kuitumia. Matokeo yake unampandisha mwenyeji salama salimini, na konteina ya CentOS 7 haiwaki tena. Mgeni wa namna hiyo mtafutieni mashine pepe kamili ya KVM au mumstaafishe.

#9 – Msimamizi Seva (mleta uzi)

Shikamoo mzee wetu. Hilo la cgroup limewakuta wengi, na nitaliongeza kwenye maandalizi yangu.

Sasa niuweke mpangilio wa usiku wa matengenezo. Msimamo wangu ni kwamba kama huna mwenyeji wa pili wa kuhamishia wageni, kuwasha upya kwa mwenyeji na kwa wageni kufanyike katika dirisha moja. Wageni wote watazimika hata hivyo mwenyeji anapowashwa upya. Hakuna faida ya kuwazima watumiaji mara mbili.

Mchana, watu wakiwa kazini, hakikisha nakala rudufu za jana zipo na ujaribu kufungua angalau moja. Snapshoti iliyo kwenye diski ileile ya mgeni haihesabiwi, kwa kuwa diski ikifa vinakufa vyote. Nakili pia usanidi wa kila mgeni kwa `virsh dumpxml --inactive`, kwani diski bila usanidi wake itakulazimisha kukisia aina ya mashine na anwani za kadi ya mtandao. Usiku ukifika, sasisha vifurushi vya wageni mmoja mmoja bila kuwawasha upya. Anayetumia Ansible, programu ya kuendesha kazi kwenye mashine nyingi, aweke `serial: 1`, ili mgeni wa kwanza akiharibika kazi isimame kabla ya kufika kwa wengine. Kisha sasisha mwenyeji. Kisha zima wageni kwa kufuata utegemezi wao: mifumo ya wavuti kwanza, hifadhidata baadaye, na anayetoa DNS mwisho kabisa. Baada ya mwenyeji kuwaka, washa kinyume cha mpangilio huo. `virsh autostart`, inayowasha wageni yenyewe mwenyeji anapowaka, hainitoshi kwa kazi hii. Natumia skripti fupi inayosubiri PostgreSQL ijibu kwa `pg_isready` ndipo iwashe mfumo unaoitegemea.

Sehemu inayostahili uangalifu mkubwa kuliko zote ni huduma ya `libvirt-guests`, ambayo kwenye Debian husanidiwa katika `/etc/default/libvirt-guests`. Humo kuna `ON_SHUTDOWN`. Ikiwa imeandikwa `suspend`, mwenyeji anapozimwa kumbukumbu ya kila mgeni huandikwa kwenye diski na kurudishwa baadaye kama ilivyokuwa. Mgeni huyo atarudi akiwa na kerneli yake ya zamani kwenye kumbukumbu, ile mpya ikiwa bado inasubiri kwenye diski, na saa yake ikiwa imebaki nyuma. Weka `shutdown`. Kisha tazama `SHUTDOWN_TIMEOUT`, ambayo kwa kawaida ni sekunde 300. Windows Server iliyoamua kumalizia masasisho yake wakati wa kuzimika inaweza kuzidi muda huo, na muda ukiisha mwenyeji anaendelea kuzimika naye mgeni anakatwa. Huyo mzime kwa mkono mapema, umwone amezimika kwa macho yako.

Usanidi huohuo ndio unaokulinda umeme unapokatika. UPS (betri ya dharura) iliyounganishwa kwa NUT, programu ya kuifuatilia, humwamuru mwenyeji azimike betri inapokaribia kuisha, lakini hesabu ya betri lazima itosheleze muda wa wageni wote kuzimika. Betri ya dakika 4 na `SHUTDOWN_TIMEOUT` ya dakika 5 haviendani, na hilo utaligundua kwenye PostgreSQL.

#10 – Kerneli Tupu

Mleta mada, nimeanza na mgeni mmoja wa majaribio, na sipingi tena upande wa masasisho ya usalama. Ila nimekutana na tatizo lingine kwa jamaa yangu. Alipokuwa akimsasisha mgeni wake, aliamua pia kumhamisha kutoka aina ya mashine ya `i440fx` kwenda `q35` (miundo miwili ya ubao mama ambayo QEMU huiga), kwa kuwa alisoma kwamba ni ya kisasa zaidi. Mgeni amewaka, lakini hapatikani kwa SSH wala hajibu ping. Afanyeje?

#11 – Binti Konsoli

Kadi yake ya mtandao imebadilika jina. Kwenye `i440fx` aghalabu huitwa `ens3`, na kwenye `q35` hutokea kama `enp1s0`, kwa sababu jina hufuata mahali kadi ilipochomekwa kwenye basi ya PCI. Mafaili ya usanidi bado yanataja jina la zamani. Aingie kwa `virsh console jina-la-mgeni`, na kutoka ni Ctrl pamoja na `]`. Kama konsoli iko kimya, mgeni hakuandaliwa kwa ajili yake, kwa hiyo atumie `virt-viewer` mara hii. Akishaingia, `ip link` itamwonyesha jina jipya, naye alirekebishe kwenye `/etc/network/interfaces` au kwenye faili la netplan.

Kabla hajatoka humo, aandike `systemctl enable --now serial-getty@ttyS0.service`, aongeze `console=tty0 console=ttyS0` kwenye mstari wa `GRUB_CMDLINE_LINUX`, kisha `update-grub`. Kila mgeni anastahili kuwa na konsoli hiyo kabla ya kuguswa.

Na kama alimpata mgeni huyo kwa kumnakili mwingine, akague pia `/etc/machine-id`. Wageni wawili wenye kitambulisho kimoja, wakitumia systemd-networkd, hujitambulisha kwa DHCP kama mashine moja hata kama anwani zao za MAC ni tofauti, na huishia kugombania IP moja. `virt-sysprep` hulisafisha hilo pamoja na funguo za SSH, lakini iendeshwe mgeni akiwa amezimwa.

#12 – Kerneli Tupu

Imekuwa `enp1s0` kweli. Amerekebisha, anapatikana. Aina ya mashine nimemwambia aiache hivyohivyo kwa sasa, asibadilishe kingine usiku huu.